Kamusi ya Chini ya Gari

Difu ya nyuma ya pikapu ikishashushwa, vitu vyake hutandazwa juu ya boksi lililopasuliwa, na mgawanyo wake ni wa kilugha kabla haujawa wa kifundi. Vyenye majina hupangwa mbele: dramu mbili, brekishuu nne, silinda mbili za magurudumu, shafti, yubolti na nati zake. Visivyo na majina husukumwa pembeni vyote pamoja, na vyote pamoja huitwa vidude. Kidude cha bati chenye umbo la herufi U. Kidude cha chuma chembamba kinachotoka kwenye chesisi kwenda kwenye difu. Kidude cha shaba, pete ndogo ambayo ikianguka mchangani haitafutwi. Jioni gari linaposhushwa kwenye mawe, vyenye majina vimerudi vyote mahali pake. Vidude vingine vimesalia kwenye boksi.

Wenye magari huita huo uzembe. Mimi nimekaa kwenye mabenchi ya gereji nyingi, nikisubiri mkweche wangu na kuandika maneno ya watu, na nadhani uzembe unasingiziwa. Kitu chenye jina huulizwa dukani, huandikwa kwenye daftari, hupangiwa bei, na kikikosekana yupo wa kukidai. Kisicho na jina utamtuma nani akakilete? "Nenda kaniletee kile kidude kinachoshikilia ile nini, pale kwenye nini." Dogo si mjinga. Anarudi na waya.

Jambo hili huonekana wazi zaidi kwenye paipu za breki za nyuma, hasa gari la zamani linapowekewa difu iliyotoka gari jingine. Kazi nyingine zote za siku hiyo ni za misuli: kufungua, kushusha, kupandisha, kukaza. Ikifika zamu ya paipu, misuli haisaidii kitu. Hapo ndipo maneno yanapoanza kugharimu fedha.

Tuanze na difu lenyewe kama neno. Katika vitabu vya ufundi ni zile gia za katikati tu, zinazoliruhusu gurudumu la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani gari linapokata kona. Kwa fundi wa Dar es Salaam difu ni kitu chote, gurudumu hadi gurudumu. Neno ekseli lipo, lakini limehamia barabarani: ni neno la mizani, la lori lenye ekseli tatu na uzito unaoruhusiwa kwa kila ekseli. Na wapo wanaoita ekseli ile shafti ya ndani inayozungusha gurudumu. Kwa hiyo anayekwenda kwa wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi ambayo wazee bado huiita Grogan, akasema tu anataka difu ya Hilux, anaweza kutajiwa bei za vitu vitatu mbalimbali na kila muuzaji akawa mkweli. Waliozoea husema "difu nzima, na dramu zake," na mambo yanakwisha.

Yanakwisha isipokuwa kwa paipu, kwa kuwa paipu hazikutajwa. Difu ya mtumba hutolewa kwa haraka kwenye gari lililokufa, na njia ya haraka ya kuachanisha paipu ya breki ni msumeno wa chuma. Muuzaji aliahidi difu, na difu ameleta. Inafika gereji ikiwa na vipande viwili vya paipu vinavyoning'inia, tii imepinda, hozipaipu imekatwa ikabaki kimo cha kidole, na ndani ya kila tundu lililoachwa wazi mna vumbi la njia nzima. Aliyesema dramu alipewa dramu.

Mpango wa paipu hizo kwa kawaida ni huu. Mafuta ya breki hutoka kwenye masta silinda kwa paipu nyembamba ya chuma, kipenyo chake kama milimita 4.75, ambayo hufuata chesisi hadi karibu na difu. Hapo chuma hukoma. Difu hupanda na kushuka kila gurudumu linapoingia shimoni, na chuma kinachokunjwa na kukunjuliwa hukatika. Pengo hilo huzibwa na hozipaipu ya mpira, inayoshikwa upande wa juu na kipande cha bati kilichogongwa kwenye chesisi. Upande wa chini huingia kwenye tii iliyofungwa juu ya difu, na kutoka kwenye tii hiyo paipu mbili za chuma hulala juu ya difu, moja kulia, moja kushoto, mpaka kwenye silinda za magurudumu.

Tazama maneno yaliyobeba maelezo hayo: masta, silinda, paipu, chesisi, hozipaipu, tii. Yote yalifika pamoja na injini. Gari ni neno la Kihindi. Wareno walituachia parafujo na bomba. Nati na spana ni Kiingereza kitupu kilichoongezewa irabu. Silioni hilo kuwa jambo la kuonea aibu. Lugha ya pwani imekuwa ikipokea majina ya vyombo pamoja na vyombo vyenyewe tangu enzi za majahazi. La kushangaza ni kwamba katika maelezo yote hayo limo pia neno la kifundi lililo letu tangu zamani, mafuta. Na ndilo peke yake linalodanganya.

Mafuta ya breki si mafuta. Ni kiowevu kinachotengenezwa kwa kemikali za jamii ya glikoli, na tabia zake ni kinyume cha mafuta karibu kwa kila kitu. Mafuta hukataa maji, hiki hunywa maji, hata yale yaliyomo hewani. Ukidondosha tone la oili ya injini kwenye kikombe cha maji litaelea, na ukidondosha tone la kiowevu hiki litayeyuka lipotee. Mafuta hulinda rangi ya gari. Hiki huibabua, na fundi anayejiheshimu hukiosha kwa maji mara tu kinapomwagika kwenye bodi. Na raba zilizomo ndani ya masta na silinda zilitengenezwa ziishi ndani ya kiowevu hiki. Zikikutana na mafuta ya petroli, ya aina yoyote, huvimba. Zikivimba, breki hushika na haziachii, dramu huchemka, na raba zote za mfumo mzima, kuanzia masta hadi gurudumu la mwisho, lazima zitupwe. Hayo yote kwa sababu mtu alisikia "ongeza mafuta ya breki," akatazama rafu, akaona galoni ya oili ya giaboksi, nayo ni mafuta.

Wanasayansi wametupa kiowevu, neno zuri, na sijawahi kulisikia mahali palipo na jeki. Watu wa spea wana njia yao: hutaja namba. "Nipe doti foo." Doti ni zile herufi tatu, DOT, za Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, ambayo viwango vyake ndivyo vinavyochapishwa kwenye chupa. Kiwango cha 3 lazima kistahimili joto la nyuzi 205 kikiwa kipya kabla hakijachemka, na nyuzi 140 kikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7. Kiwango cha 4 ni nyuzi 230 na 155. Tofauti hiyo huihisi dereva anayeteremka mlima Kitonga na mzigo wa vitunguu: kiowevu cha zamani chenye maji huchemka ndani ya silinda, mvuke unajitokeza, na mvuke hubonyea. Pedali inazama hadi sakafuni, hakuna kinachotokea.

Nimejiuliza kwa nini hakuna anayesema "doti nne," maana namba nyingine za gereji tunazitaja kwa Kiswahili bila shida: spana kumi, spana kumi na mbili. Nadhani ni Kariakoo inayotuzuia. Hatua chache kutoka kwenye spea kuna maduka ya kanga, na huko doti ni vipande viwili. Ukiagiza doti nne utafungiwa kanga nane.

Dereva aliyeachwa na pedali sakafuni huandikwa kesho yake gazetini kwamba gari lake "lilifeli breki," kwa sarufi ileile ya mwanafunzi aliyefeli hisabati. Ukivuka mpaka wa Rusumo na lori lako, Kinyarwanda kitasema gari "yabuze feri," limekosa breki, kwa neno walilopewa na Wafaransa. Dereva wa Dar es Salaam huchelewa kidogo kuelewa, kwa kuwa kwao Feri ni mahali pa kununua samaki.

Turudi chini ya gari, kwenye miisho ya paipu, maana huko ndiko kwenye utajiri. Paipu ya breki haichomelewi wala haigundishwi. Mwisho wake hupanuliwa kwa kifaa maalumu hadi utengenezeke mdomo, na nati iliyovaliwa na paipu hiyo huubana mdomo dhidi ya kiti chake. Mdomo ni neno la watu wenyewe, na nalipenda, kwa sababu linakuelekeza pa kutazama paipu inapovuja. Lakini midomo ni ya aina nyingi. Wajapani na Wamarekani hutumia mdomo uliokunjwa mara mbili na kupanuka kwa nyuzi 45. Magari mengi ya Ulaya hutumia mdomo uliovimba, wenye duara nyuma na mbele. Mmoja hauzibi kwenye kiti cha mwingine, hata ukaze mpaka spana ilie. Halafu kuna mdomo wa fundi friji, wa kunjo moja, uliotengenezwa kwa paipu laini ya shaba. Unavutia, kwa kuwa fundi friji yuko jirani, bei yake ni nafuu, na shaba hupindika kwa mkono. Kwa breki haufai. Shaba tupu hukakamaa kwa mtikisiko wa barabara mpaka ipasuke, na mdomo wa kunjo moja hupasuka kabla yake. Ipo paipu ya shaba iliyochanganywa na nikeli kiasi cha asilimia 10, ambayo haishiki kutu na inakubalika kwa breki. Tatizo ni kwamba kaunta nyingi huiita kwa jina lilelile, paipu ya shaba.

Na nati ina uzi. Kamusi za zamani zina hesi kwa maana hiyo, msumari wa hesi ukiwa ndio skrubu, lakini gereji imechagua uzi. Mtu asiyejua Kiswahili angecheka akielezwa jinsi neno hili linavyofanya kazi hapa: kiungo kimoja cha breki kinaweza kukusaliti kwa uzi wa nati, kwa nyuzi za mdomo, au kwa nyuzi za joto, na ni neno lilelile linalozunguka.

Uzi wa nati ndio uliowaadhibu wengi waliotaka kuiwekea Landrova ya zamani difu ya Hilux. Wazo lenyewe si baya, kwa kuwa spea za Hilux zinapatikana hata kijijini. Lakini nati za paipu kwenye Landrova nyingi za zamani ni za inchi: kipenyo tatu kwa nane ya inchi, yaani milimita 9.525, na nyuzi 24 kwa kila inchi. Za Toyota ni za mili: kipenyo 10, na milimita moja kutoka uzi hadi uzi. Ukipiga hesabu, uzi wa Landrova unasogea milimita 1.06 kila mzunguko. Tofauti hiyo haionekani kwa jicho wala haihisiwi na kidole chenye grisi. Nati ya Landrova itaingia kwenye silinda ya Toyota, itazunguka, itakaza, itamshawishi kila mtu. Imeshikilia kwa ncha za uzi tu. Siku dereva atakapokanyaga kwa nguvu zote, ndani ya paipu patakuwa na msukumo unaozidi makumi ya mara ule wa tairi, na nati itatoka na uzi wake.

Gereji haina lugha ya kulionyesha hilo, kwa sababu gereji hupima kichwa, haipimi mwili. Bolti inayofunguliwa kwa spana 14 huitwa bolti kumi na nne, ingawa mwili wake kwenye gari la Kijapani ni milimita 10. Nati ya paipu ya Toyota hufunguliwa kwa spana 10 na mwili wake pia ni 10, sadfa inayomfanya mtu aamini kwamba mfumo wetu wa majina ni sahihi. Nati ya Landrova hufunguliwa kwa saba kwa kumi na sita, na aliye na spana za mili hutumia kumi na moja, nayo inaingia bila kulalamika. Kwa hiyo kaunta inasikia "nati ya paipu, ya kumi" na "nati ya paipu, ya kumi na moja," na hakuna aliyesema inchi au mili. Maneno mawili mafupi, tunayo tayari, na hayasemwi.

Suluhisho la wenye busara ni kuiacha difu na uzi wake na chesisi na uzi wake, kisha kutafuta hozipaipu yenye uzi wa huku upande huu na wa kule upande ule. Zinatengenezwa. Ila hozipaipu hiyo iwe na urefu wa kutosha difu ikining'inia chini kabisa, isiguse ekzosi difu ikipanda, na isikazwe ikiwa imejisokota. Wengi huiangalia gari likiwa limesimama kwenye mawe tu, difu ikiwa katikati.

Hapa niruhusiwe kutoka nje kidogo. Mtu aliyepata hataza ya breki za kiowevu mwaka 1917 alikuwa Mmarekani, Malcolm Loughead, na gari la kwanza kuuzwa likiwa nazo kwenye magurudumu yote manne lilikuwa Duesenberg, mwaka 1921. Jina la ukoo wake lilitamkwa Lockheed, lakini waliolisoma walilitamka ovyo, na ikafika mahali familia ikaliandika kama linavyotamkwa. Ndivyo lilivyobaki kwenye breki, na ndivyo lilivyobaki kwenye ndege, alikoshughulika pamoja na ndugu yake Allan. Kwa hiyo anayekereka kuona tumeandika breki na paipu, amlalamikie kwanza mwenye breki zake.

Katika istilahi zilizoundwa mezani, moja ninaivulia kofia: kanieneo. Ni kani na eneo vilivyounganishwa, na vitabu vya fizikia hulitumia kwa ule msukumo uliomo ndani ya gesi na viowevu. Neno hili ni kanuni nzima ya breki. Guu linatoa kani, pistoni ya masta ina eneo lake, na kilichopatikana husafiri kwenye paipu bila kupungua mpaka kwenye silinda za magurudumu, ambako eneo lingine hukigeuza kuwa kani tena. Mfaransa Blaise Pascal alilieleza hilo katika karne ya 17 kwa maneno mengi zaidi. Na ni kanieneo inayomwambia fundi aangalie silinda za difu aliyoletewa. Landrova fupi, ile ya inchi 88, ina dramu za inchi 10 nyuma. Ndefu, ya 109, ina za inchi 11. Ukiiwekea fupi difu ya ndefu bila kufikiri, umebadilisha eneo na kipenyo kwa pamoja, na breki za nyuma zitashika kabla ya za mbele ilhali nyuma ya gari fupi ni nyepesi. Mdomo utakuwa sawa, uzi utakuwa sawa, hakuna kinachovuja, na gari bado litakugeukia kwenye mvua.

Paipu zikishafungwa, kunabaki kazi ambayo Nairobi huiita kublidi na Dar es Salaam kutoa upepo. Naipa Dar ushindi. Upepo ndio uliokuwa mwiko tangu mwanzo, na kitenzi kinasema kitakachofanyika. Hutolewa kwenye nipeli, neno lililopata taabu kuliko mengine. Kwa fundi bomba nipeli huunganisha paipu mbili, kwa fundi wa springi huingiza grisi, na kwenye silinda ya breki hutoa.

Kazi hii hufanywa na watu wawili wasioonana. Kwa kawaida huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Dogo amekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi. Fundi amelala nyuma kushoto, amechomeka mpira mwembamba kwenye nipeli, na ncha ya pili imezama kwenye chupa ya maji ya kunywa yenye kiowevu kidogo chini.

"Pampu."

"Napampu."

"Pampu, pampu, pampu. Shikilia!"

"Nimeshika, fundi."

Spana inakwenda robo mzunguko. Kwenye chupa panatoka povu, kisha punje mbili tatu za hewa, kisha utepe wa rangi ya chai.

"Imezama, fundi!"

"Usiachie." Spana inarudi. "Nimefunga. Achia."

Kila neno hapo lina jibu lake, na hakuna anayesogea kabla ya kujibiwa. Sikiliza kwa makini utagundua kitenzi kimoja ambacho hakisemwi kamwe, nacho ni acha. Juu ya ardhi acha na achia huishi pamoja bila ugomvi. Chini ya gari, "acha!" inaweza kumaanisha koma kupampu, na inaweza kumaanisha toa mguu. Dogo akitoa mguu wakati nipeli i wazi, pedali inaporudi juu huvuta hewa ndani, na kazi inaanza upya. Wengine wameonja hilo mpaka wakaliondoa neno lenyewe kazini, bila kikao wala kamati. Vivyo hivyo kwa klachi: kiwandani silinda ya juu ni bwana na ya chini ni mtumwa, lakini kwenye kaunta zetu kuna masta ya juu na masta ya chini. Hayupo mtumwa. Sijapata aliyeamua.

Hayo yananirudisha kwenye kile chuma chembamba. Kwenye Hilux za miaka ya 1980 kuna valvu iliyofungwa kwenye chesisi, na chuma kinachotoka kwake hadi kwenye difu. Mzigo ukipakiwa, bodi hushuka, umbali kati ya chesisi na difu hupungua, chuma kinaisukuma valvu, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, nyuma inapunguziwa, kwa kuwa magurudumu mepesi yakikwama kwenye lami yenye maji, mkia wa gari hutangulia. Jina lake la kiwandani ni maneno manne ya Kiingereza ambayo sijamsikia mtu akiyamaliza. Difu mpya ikikosa mahali pa kukishikia chuma hicho, hufungwa juu kwa waya, na tangu siku hiyo breki zinaamini gari limebeba simenti. Au valvu yote hutolewa na paipu zikaunganishwa moja kwa moja. Ina nipeli yake yenyewe ya kutolea upepo, na mara nyingi haiguswi, kwa maana nani ataigusa nipeli ya kidude?

Katika gereji moja nilijaribu kuipa jina. Tunacho kipimajoto, nikasema, basi iwe kipimamzigo. Fundi akalirudia polepole, akalitafuna, akakataa. Akasema hiyo ni mizani, kila mwenye lori anaijua, kwa nini tuumie. Jina likashika siku ileile, na madogo wakaanza kukumbushana: umetoa upepo kwenye mizani? Baada ya muda akaja mzee mmoja na pikapu yake, akitaka afungiwe waya kama ilivyofungwa ya jirani yake, ili breki za nyuma ziwe kali.

"Mizani haifungwi waya, mzee," fundi akamwambia, huku akitafuta spana kumi. "Ukiifunga, utahesabiwa mzigo hata siku ambayo hujapakia."